Anayesoma Aitike

Jumatatu, 4 Juni 2001

Nimekwenda Makambako kama kila Jumatatu. Lori la viazi. Nimekaa mbele na dereva, siyo juu ya magunia. Mimi sikai juu. Dereva mwenyewe kijana, anabadilisha gia kama anagombana na mtu. Nimemwambia. Hajui kwamba mimi nimelishusha lori la Leyland mpaka Manda wakati wa masika, barabara ya Ludewa ikiwa uji mtupu, bila minyororo na bila kupiga kelele za ovyo.

Duka la intaneti la Zuhura liko ndani ya ghala letu la zamani. Zamani za kampuni yetu ya malori, kabla serikali haijaiuza. Pale kompyuta ilipokaa ndipo palipokuwa na meza ya karani wa vipuri. Sasa upande mmoja wanauza mitumba, upande mwingine intaneti. Harufu ya dizeli bado imo sakafuni. Zuhura anasema haisikii. Yeye ni mtu wa Tanga, kaletwa huku na mume wake mwenye malori.

Barua zilikuwa nne. Zuhura anasoma, mimi naamua. Hii ipelekwe kwa wote. Hii isipelekwe, ni manung'uniko tu. Ukoo mzima, walioko Dar, Mbeya, Ludewa, mpaka yule mwalimu wetu wa Manda, wote wananiandikia mimi, na mimi nafowadi. Ndiyo kazi yangu. Njombe nzima hakuna mzee mwingine mwenye kazi hii. Wasomi wapo, ila hawana kichwa cha kupanga.

Ya nne ilikuwa ya Obadia.

Niandike vizuri. Haikutoka kwa Obadia. Iliandikwa kwa Obadia. Mdogo wangu amekufa mwezi wa pili. Kabla hajakwenda kulazwa Ikonda alikaa na Zuhura wakatengeneza, kila barua inayoingia kwenye sanduku lake igeuke ije kwangu. Akaniambia, kaka, nikipona tutaiondoa. Hakupona. Haijaondolewa.

Barua ni ya Oskari, rafiki yake aliyehamia Zambia. Anauliza, Obadia, mbona kimya namna hii?

Zuhura akanitazama. Nikamwambia ajibu. Akasema nijibu nini mzee wangu? Nikasema andika, nipo, ni baridi tu.

Kaandika.

Nimerudi na koti la Obadia mwilini. Ukungu ulikuwa mzito, dereva kawasha taa mchana. Nilimsikia mtu akikohoa nyuma kwenye magunia. Nyuma hakukuwa na mtu.

Jumatano, 6 Juni

Mama Yohana, mke wangu, kaniuliza tena habari ya kaburi. Nikamwambia baridi. Saruji haishiki asubuhi kukiwa na barafu juu ya majani. Akaniangalia kama ananiona mara ya kwanza.

Kwetu jina la mtu halitoki siku anayozikwa. Kila kikao cha ukoo majina yanaitwa, na la marehemu linaitwa, na ndugu wa kumfuata anaitikia, yupo. Inakwenda hivyo mpaka kaburi lisakafiwe. Siku hiyo linaitwa mara ya mwisho. Hakuna anayeitikia. Basi, jina limepumzika, haliitwi tena. Baba alimfanyia ndugu yake hivyo. Babu pia.

Anayemwitikia Obadia ni mimi. Anayepanga siku ya sakafu ni mimi.

Sijapanga.

Jumatatu, 11 Juni

Siku mbaya. Danieli, mtoto wa dada yangu, yule mwenye kazi ya kompyuta Dar, kaandika barua ndefu. Anataka ukoo uache kupitia kwangu. Anataka listi.

Zuhura kanieleza mara mbili maana mara ya kwanza nilikuwa na hasira. Inakuwa hivi. Linakuwepo jina moja la kundi. Mtu yeyote akiandika pale, barua inatawanyika yenyewe kwa wote, saa ile ile. Hakuna wa katikati. Hakuna wa kuuliza ipelekwe au isipelekwe.

Nikamwuliza, sasa mimi nafanya nini? Zuhura akacheka, "Unapumzika mzee. Unastaafu."

"Mimi sikustaafu hata kampuni ilipokufa."

"Hilo nalo neno," kasema, akaendelea kumenya chungwa.

Danieli ameandika kwamba nikikosa lori ukoo mzima unakosa habari. Kwamba kikao cha Pasaka watu wa Mbeya hawakukijua. Kwamba barua zinazonisema mimi hazifiki kwa mtu. Halafu hivi, nimemwambia Zuhura airudie nikaisikia vizuri: Mjomba, barua zinakufia mkononi.

Mtoto niliyembeba mgongoni.

Nimemjibu. Nimemwambia, msiba je? Sisi mtu hatumtupii msiba usoni. Obadia alipokufa mimi ndiye niliyepanga. Tulia, binti yake, alikuwa kazini Dar. Sikumwandikia baba yako amekufa. Nilimwandikia amezidiwa, panda basi. Nikampigia simu mama mmoja wa kanisani apande naye. Hapa stendi nikamweka Zuhura na mke wangu wamngojee, mmoja kulia mmoja kushoto, na maji ya kunywa. Ndipo nikasema mimi mwenyewe. Alianguka, lakini aliangukia watu. Hiyo listi ina mikono? Itamdaka nani?

Zuhura alipofika hapo aliacha kuandika, akapangusa macho kwa ncha ya mtandio. Alikuwepo siku ile.

Nimeona nimeshinda.

Alhamisi, 14 Juni

Sikushinda. Danieli amepiga simu kwa mwenye lori, mwenye lori kaja na simu yake ya mkononi mpaka kilimani kwangu maana bondeni haishiki. Wote wamekubali listi. Manda, Mbeya, Dar, Ludewa. Hata wale niliowasomesha.

Nimempa Danieli masharti. La kwanza, mimi siandikishwi. Mimi si kuku wa kuchanjwa nipangwe mstari mmoja na wajukuu. La pili, jina la Obadia liwemo.

Nikadhani simu imekatika.

"Mjomba, marehemu tunamwandikishaje?"

"Kaburi limesakafiwa?"

"Bado. Na wewe ndiye..."

"Limesakafiwa au halijasakafiwa?"

"Halijasakafiwa, mjomba."

"Basi yupo."

Akasema sawa, kwa ile sauti ya kumwambia mgonjwa sawa. Na mimi nimefurahi. Barua zote za listi zitakwenda kwa Obadia, za Obadia zinageuka zinakuja kwangu. Nitaziona zote bila kuandikishwa. Danieli na digrii yake hakuliona hilo.

Jioni nimekaa uani kwenye kigoda. Koti bado linanuka tumbaku ya Obadia. Mimi sivuti. Amekufa tangu mwezi wa pili na linanuka kama alilivua jana.

Jumatatu, 18 Juni

Leo nimefanya jambo.

Listi haimwingizi mtu hivi hivi. Inamwandikia kila mmoja, wewe fulani, unakubali? Akijibu ndiyo, anaingia. Ya Obadia ilimwendea Obadia, ikageuka, ikaja kwangu. Zuhura kaisoma kwa Kizungu halafu kwa Kiswahili. Obadia, unakubali?

Nikasema jibu.

Zuhura akaondoa mikono mezani. "Mzee Zakaria, mimi nakuheshimu kama baba yangu. Ya Oskari niliandika. Hii siandiki. Siwezi kumjibia maiti anapoulizwa kwa jina."

"Kwetu tunajibu."

"Basi jibu wewe wa kwenu."

Akanipa kiti chake. Mimi nimejifunza kusoma na kuandika kwenye elimu ya watu wazima, mwalimu wangu alikuwa Obadia huyo huyo, alikuwa ananishika kidole anakipeleka kwenye herufi. Leo nimetafuta herufi mwenyewe. N iko chini. D iko kushoto. Nimechukua muda. Nimepata. Nikabonyeza pale Zuhura aliponionyesha, na yeye akageuza uso ukutani.

Haikupita muda ikaja nyingine. Nikamwuliza inasema nini. Kasema, "Inasema karibu, Obadia."

Baridi ilinipata mikononi mpaka kwenye kiwiko. Ghala lote nikaliona kama zamani, malori yamepangwa, na Obadia kijana kaniletea chakula kwenye sufuria ndogo. Nilitaka kuondoka. Sikuondoka. Mimi siyo mtu wa kukimbia.

Halafu nikafanya la pili. Nikamwambia Zuhura atengeneze, kila barua itakayoingia kwangu ipelekwe yenyewe kwenye hiyo listi. Ili wajue bado inapita mkononi kwangu. Zuhura akauliza, kila barua? Bila wewe kuchagua? Nikasema kila barua, nimechoka kuambiwa zinanifia. Akasema mzee hebu tufikirie kwanza. Nikamwambia nimeendesha magari kabla mama yako hajazaliwa. Akatengeneza.

Mwisho nikatuma barua ya kwanza ya listi. Mimi ndiye mkubwa, ya kwanza lazima iwe yangu. Nimeiandika vile ninavyofungua kikao. Hamjambo wote. Anayesoma aitike.

Lori lilikuwa linapiga honi. Nikaondoka.

Jumatano, 20 Juni

Dereva wa viazi kapita. Anasema Zuhura anasema nije haraka, sanduku langu limechanganyikiwa.

Nimemwambia amwambie Zuhura, mimi naenda Jumatatu. Na asiguse kitu mpaka nifike.

Mke wangu kasema nenda. Nimesema Jumatatu.

Leo nikiwa shambani nimesikia jina langu. Siyo Zakaria. Lile la utotoni, la Kibena, ambalo waliokuwa nalo midomoni wote wameshakufa. Lilitoka upande wa miti ya miwati, kwenye ukungu. Nimeitika. Ndiyo mazoea, ukiitwa unaitika. Nilipoitika ndipo nikaogopa.

Ijumaa, 22 Juni

Dereva tena. Zuhura kasema Danieli amepiga simu dukani mara nyingi, analia au anafoka, haijulikani. Kasema ni habari ya Tulia.

Nimeuliza Tulia kafanyaje. Dereva hajui.

Ningeweza kupanda lile lile lori. Nilisimama pale barabarani, mkono kwenye mlango. Nikasema Jumatatu. Sijui kwa nini. Najua. Naogopa kwenda kuona.

Jumatatu, 25 Juni

Nimeona.

Zuhura hakunisalimia kwa utani. Aliniwekea kiti, akafungua, akakaa pembeni.

Kwenye kioo kuna mistari. Kila mstari barua moja. Mstari wa juu, Obadia. Chini yake, Obadia. Chini yake, Obadia. Akashusha, akashusha. Obadia mpaka mwisho wa ukurasa, na ukurasa mwingine, na mwingine. Zote zinasema kitu kimoja. Hamjambo wote. Anayesoma aitike.

Zuhura kanichorea kwenye karatasi ya kufungia maandazi, nikaelewa. Barua yangu ilifika kwenye listi. Listi ikaitawanya kwa wote, na Obadia yumo. Ya Obadia ikageuka ikaja kwangu. Ya kwangu ikarudi kwenye listi, maana niliagiza kila barua. Listi ikaitawanya tena kwa wote. Ikaenda kwa Obadia. Ikaja kwangu. Ikarudi. Kama lori linalozunguka yadi bila dereva. Na kwa sababu kila duru imepita kwake, kila duru inafika kwa watu na jina lake juu. Ukoo mzima, Dar mpaka Manda, wiki nzima wameitwa na Obadia. Anayesoma aitike. Anayesoma aitike.

Mwalimu wa Manda kafunga ofisi, anasema hagusi tena kompyuta. Danieli ndiye aliyeizima kutoka Dar siku ya Ijumaa, na sanduku la Obadia lenyewe lilikuwa limejaa, halipokei.

Nikasema imekwisha basi. Zuhura akasema bado mzee. Akashusha tena.

Katikati ya mistari kuna barua nyingine. Fupi. Nimeisoma mwenyewe, sikuhitaji mtu.

Nipo baba.

Ya Tulia. Aliitika. Na yenyewe ikaingia kwenye mzunguko, ikapita kwa Obadia, ikaja kwangu, ikarudi. Anayesoma aitike. Nipo baba. Anayesoma aitike. Nipo baba. Nipo baba. Kurasa.

Zuhura kaniletea chai, nimeiacha.

Alhamisi, 28 Juni

Tulia amekuja. Basi mpaka Makambako, halafu lori la viazi mpaka kwangu. Alikaa juu ya magunia. Amekonda. Nguo za mjini, nyepesi, anatetemeka.

"Kamwene, baba mkubwa." Kaniamkia Kibena kama alivyofundishwa na baba yake. Hakukaa.

Nikamkaribisha. Hakukaa.

Kasema alikuwa ofisini, anapiga chapa barua za bosi, jina la baba yake likatokea. Anayesoma aitike. Kasema alijua ni mimi. Alijua ni mashine. "Baba mkubwa, mimi kazi yangu ndiyo hiyo, nazijua. Nilijua kabisa. Na mkono ukaandika nipo baba."

Halafu ile barua yake ikamrudia imetoka kwa Obadia. Nipo. Akaandika tena. Ikarudi tena. Siku tatu hakufanya kazi nyingine. Bosi kamwambia aende nyumbani. Kasema sijui nyumbani wapi, akapanda basi.

"Yale maneno ya kujiunga, aliyejibu ndiyo ni nani?"

"Mimi."

"Na Oskari wa Zambia? Kaniandikia anasema baba yangu ni mzima, anasikia baridi tu."

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nikamwambia ndiyo desturi. Jina likiitwa lazima mtu aitikie. Akasema desturi anaijua. "Desturi ina mwisho. Unamsakafia lini?"

Nikasema baridi ikipungua.

Akasema, "Baridi ya Njombe haikuanza mwaka huu."

Mke wangu alikuwa jikoni. Nilisikia mwiko umesimama kwenye sufuria.

Tulia akakaa hatimaye, chini, kwenye mkeka. Kasema tangu msiba hajalia. Siku ile ya stendi alianguka lakini hakulia. Kila Jumatatu zile barua nilizofowadi zilikuwa zinaanza na majina, na la baba yake likiwa la kwanza, nilikuwa naliweka hivyo, kwa heshima. Anasema alikuwa analiona anasema yupo, nitalia baadaye. "Na wewe hivyo hivyo. Tunashikana mikono tusimwachie. Yeye amechoka, baba mkubwa."

Sikumwomba radhi. Mimi siombi radhi watoto. Nilivua koti nikampa. Alilinusa kola. Hapo ndipo akalia, sauti kubwa kama watoto wanavyolia, na mke wangu akatoka jikoni na unga mikononi akamshika.

Mimi nilitoka nje. Bila koti. Baridi kali. Hakuna aliyeniita.

Jumapili, 1 Julai

Nimemwita fundi baada ya ibada. Kasema saruji inashika, unafunika tu majani na magunia asubuhi. Kumbe. Nilikuwa najua.

Sakafu ni Jumamosi, Saba Saba, watu hawana kazi. Nimemwagiza dereva amwambie Zuhura awaandikie wote, mmoja mmoja, kwa mkono, siyo kwa listi. Nimesema na Danieli aje.

Nina hofu ya hiyo Jumamosi kuliko nilivyowahi kuogopa mteremko wowote.

Jumamosi, 7 Julai

Wamekuja wengi. Wa Mbeya, wa Ludewa. Mwalimu wa Manda naye, kaleta dagaa, ananitazama pembeni pembeni kama nimefuga jini. Zuhura kaja na mume wake, wamekaa na wanawake wa jirani kama wenyeji.

Mafundi wamemaliza kabla ya saa sita. Sakafu nzuri, laini, kingo zimenyooka. Nimeikagua mwenyewe. Hakuna kaburi zuri kama lile pale kilimani, na nimewaambia. Mwinjilisti akaomba. Halafu majina.

Danieli alikuwa ayasome. Nikamnyang'anya karatasi. Nikasoma mwenyewe, polepole, kidole kwenye mstari. Kila mmoja akaitikia. Wasiokuja wakaitikiwa.

Nikafika kwa Obadia. Nikaita.

Nilikuwa nimezoea. Naita mwenyewe naitikia mwenyewe, yupo, tangu mwezi wa pili. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Niliuma ulimi mpaka nikaonja damu. Tulia alikuwa ubavuni kwangu na lile koti, kanishika mkono kwa nguvu kama anafunga mlango.

Kimya. Upepo kwenye miwati. Kule barabarani lori linapanda, linabadilisha gia, vibaya.

Hakuna aliyeitikia.

Nikasoma jina linalofuata.

Baada ya chakula tulikaa kikao. Danieli alianza kusema listi tuiue kabisa, turudi kwa mjomba. Nikamkatiza. Nikamwambia listi siyo iliyokosea. Listi ilifanya ilivyoambiwa. Waliguna wote, maana hawajawahi kunisikia hivyo. Nikasema mambo ya kikao, mazao, harusi, salamu, yaende kwenye listi, kila mtu aandike atakavyo, hata ya kunisema, nitayasoma. Lakini msiba usiguse listi. Msiba uje kwangu kwanza, na mimi niupeleke kwa mtu mmoja mmoja, nikijua nani atakaa naye. Ikiwa mimi ndiye niliyekufa, upitie kwa Tulia.

Danieli akasema, "Sawa mjomba. Msiba ni wako."

Maneno mabaya hayo, watu wakacheka. Mimi pia. Nimeyakubali.

Nikamwambia bado anaendesha mambo kama yule dereva wa viazi. Akasema ndiyo mjomba.

Jumatatu, 9 Julai

Makambako. Nimekaa mbele. Tulia alikuwa katikati, amerudi Dar na basi la mchana. Koti kaondoka nalo. Nimevaa sweta la mwanangu Yohana.

Zuhura alikuwa amemwaga zile barua zote, sanduku la Obadia limebaki tupu. Danieli alikuwa ameshaanza kumtoa kwenye listi. Nako kunaulizwa. Barua ilimwendea Obadia, ikageuka, ikaja kwangu. Obadia, unakubali kutoka?

Zuhura alisimama, akanipa kiti.

N iko chini. D iko kushoto. Leo sikutafuta sana.

Hakikuja kitu cha kusema kwaheri. Nilingoja kidogo, labda kitakuja. Zuhura akasema ndiyo basi mzee, imepokea. Halafu akafungua ile ya kugeuza, ile aliyoitengeneza na Obadia, akaifuta. Na ile ya kiburi changu akaifuta.

Tumemwandikia Oskari wa Zambia. Nimemwambia ukae kwanza. Una mtu hapo karibu? Mwite. Halafu nikamwambia. Nikamwambia na kwamba yule aliyejibu ni baridi tu alikuwa mimi.

Ilikuwepo barua moja mpya. Yangu. Zakaria, unakubali kujiunga? Mstari mmoja na wajukuu. Zuhura akanyoosha mkono aandike, nikamzuia. Nikaandika mwenyewe. Haikuwa lazima kuandika hivyo, kasema ndiyo ingetosha, lakini nimeandika nipo.

Tukanywa chai. Watu wa mitumba upande ule walikuwa wanafunga marobota, basi.

Nilivuta pumzi nikatafuta harufu ya dizeli sakafuni. Leo hata mimi sikuisikia.